Sura ya Tano: Hivi Wanapigana Kweli?

Swali hili nimeulizwa na watu wa kila umri, ila watoto ndio huliuliza bila kuzunguka. Mara ya mwisho nililisikia Rubondo, Jumamosi jioni, kwenye kibanda cha video chenye kuta za mabati na paa la turubai. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, mabenchi yamejaa, na kwenye skrini wanawake wawili weusi walisimama ulingoni huko Marekani wakitazamana bila kusema neno. Binti mmoja wa miaka kumi hivi, kichwa kimenyolewa kama shule nyingi za Uganda zinavyotaka, alimvuta mkubwa wake mkono.

"Yaya, hawa banapigana kweli, ao banaigiza tu?"

"Nyamaza kwanza. Angalia."

Kwa asiyepajua, Rubondo ni moja ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Nyingine ni Base Camp na Juru. Makazi haya ni miongoni mwa makongwe kabisa Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo humo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Mwenye shida ya mjini hupanda gari kwenda Mbarara. Mwenye kiu ya burudani huingia kibandani.

Na Wakongomani hawakuikuta mieleka ya maonyesho kwenye televisheni. Kwao inaitwa kachi, neno walilolipokea kutoka Kifaransa, na imejaza mitaa ya Kinshasa kwa miaka mingi. Ni kachi yenye uganga ndani yake: mchezaji anapuliza unga, anatamka maneno, mpinzani anaanguka bila kuguswa. Mwanamieleka Edingwe amekuwa jina kubwa kwa namna hiyo, na wanawake nao wanapanda ulingoni wakiwa wamepaka rangi usoni, wakifuatwa na ngoma na umati wa watoto. Kwa hiyo yule binti aliposema "banaigiza", hakuwa anadharau. Alijua kuigiza ni kazi. Alitaka kujua hapa kazi inaishia wapi na kupigana kunaanzia wapi, na swali hilo linastahili jibu kamili.

Mieleka ya aina mbili

Tuanze na kutenganisha. Ipo mieleka ya ushindani, ile ya Olimpiki, ambayo wanawake waliruhusiwa kuingia kwa mara ya kwanza Athens mwaka 2004. Hapo hakuna anayejua nani atashinda mpaka mabega ya mmoja yaguse chini au muda uishe. Isabelle Sambou wa Senegal, aliyekuwa bingwa wa Afrika na kushiriki Olimpiki ya London 2012, ni wa mieleka hiyo.

Halafu ipo mieleka ya maonyesho, inayopendwa kibandani. Humo mshindi huamuliwa kabla ya kengele. Kila pambano lina hadithi, na kila hadithi ina steringi na adui kama filamu yoyote. Wenyewe wana neno la siri, keifebi, maana yake ni makubaliano kwamba hadithi inalindwa hata nje ya ulingo. Zamani steringi na adui hawakuthubutu hata kupanda gari moja, watu wasije wakawaona wakicheka pamoja. Siri hiyo ilitobolewa na wenye kampuni wenyewe: mwaka 1989 WWF, ambayo leo tunaiita WWE, iliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, ili ikwepe kodi na masharti yanayoyahusu mashindano ya michezo.

Basi, wanaigiza? Ndiyo, matokeo yanaigizwa. Lakini chini ya turubai la ulingo kuna sponji nyembamba, chini ya sponji kuna mbao, chini ya mbao kuna vyuma. Mwili wa kilo sabini ukirushwa juu hauwezi kuigiza kuanguka, utaanguka tu. Ufundi ni kujua kuangukia: kidevu kwenye kifua ili kisogo kisipige, pumzi nje, mikono yote miwili ipige chini pamoja na mgongo ili pigo lisambae. Anayekosea hapo anavunjika, na hakuna mwandishi wa hadithi anayeweza kumuunga.

Tarehe 12 Novemba 2018, katika vurumai iliyopangwa kwenye Raw, kipindi cha WWE, ngumi ya mwanamieleka Nia Jax ilitua kweli usoni mwa Becky Lynch, Mwairishi aliyekuwa bingwa wakati huo. Pua ikavunjika. Aliendelea na kazi, kisha akasimama katikati ya watazamaji, damu imemtapakaa usoni, mikono imepanuliwa. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Miezi mitano baadaye, Aprili 2019, yeye, Charlotte Flair na Ronda Rousey walifunga WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote ya mwaka. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa pambano la mwisho la onyesho hilo kabla yao.

Kwa ufupi hadi hapa:

- Mshindi anapangwa.
- Kuanguka hakuigizwi, kunasomewa.
- Malipo, muda wa kuonekana na umiliki wa jina ni mambo ya kweli kabisa, na huko ndiko wanawake wamepigana mapambano yao magumu zaidi.

Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Mkanda ni wa nani?

Mildred Burke alizaliwa Kansas mwaka 1915. Kabla ya mieleka alikuwa mhudumu wa mgahawa na mama wa mtoto mdogo. Alianzia kwenye maonyesho ya kusafiri, yale yanayofunga hema mji mmoja leo na mwingine kesho, akipambana na wanaume kutoka kwenye umati: aliyeweza kumbana mabega chini ndani ya dakika kumi alipewa pesa. Januari 1937 akamshinda Clara Mortensen huko Tennessee, na kuanzia hapo akawa bingwa wa wanawake kwa karibu miaka ishirini. Alikuwa mfupi, misuli imejengeka, na alipenda kuingia ulingoni na joho linalong'aa.

Meneja wake alikuwa Billy Wolfe. Wolfe huyo huyo alikuwa mume wake, na ndiye promota, yaani mwenye kuandaa mapambano, kukodi ukumbi, kuuza tiketi na kuamua nani ashinde. Msomaji ajiulize: bosi wako, mumeo na mwenye kalamu wakiwa mtu mmoja, siku mkigombana utaenda kushtaki wapi? Mwaka 1952 walitalikiana, na Wolfe akaanza kumsukuma mbele mwanamieleka mwingine, June Byers.

Tarehe 20 Agosti 1954, Atlanta, Burke na Byers wakakutana. Safari hii hakukuwa na makubaliano yoyote. Hadithi iliwekwa kando na wanawake wawili waliokuwa na umri wa kutosha kuchoka wakakamatana kwa nguvu halisi. Sheria ilikuwa kushinda mara mbili kati ya tatu. Byers alipata ya kwanza. Ya pili ilivutana, ikavutana, mpaka wasimamizi wakasimamisha pambano bila mshindi. Burke aliondoka akiamini bado ni bingwa, kwa kuwa hakuna aliyemshinda mara mbili. Magazeti yakaandika alivyotaka Wolfe: bingwa mpya ni June Byers.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi na kila mara linaniuma mahali pale pale. Pambano la kweli kuliko yote katika mieleka ya wanawake wa Marekani ndilo lililoamuliwa nje ya ulingo, na mtu ambaye hakuvua hata koti. Burke hakukaa kulia. Mwezi Novemba mwaka huo huo alipeleka kundi lake Japani, na ziara ile ilisaidia kuotesha mbegu ya mieleka ya wanawake wa Kijapani, ambao leo wanahesabiwa miongoni mwa mafundi wakubwa duniani.

Miaka thelathini baadaye mchezo ukarudiwa. Aliyeshika kalamu sasa upande wa wanawake alikuwa Lillian Ellison, maarufu kwa jina la The Fabulous Moolah, aliyepata mkanda wa ubingwa mwaka 1956 na ambaye WWE inamhesabia ubingwa wa karibu miaka 28. Aliwafundisha wasichana wengi huko South Carolina, akawatafutia mapambano, na wengi wao walikuja kueleza kwamba alikata sehemu kubwa ya malipo yao. Ndiyo maana mwaka 2018, kampuni ilipotaka kuipa jina lake mechi ya wanawake ya WrestleMania, mashabiki walipiga kelele mpaka jina likaondolewa.

Moolah alimwachia mkanda Wendi Richter Julai 1984, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, pambano likirushwa moja kwa moja na kituo cha muziki cha MTV, mwimbaji Cyndi Lauper akiwa upande wa Richter. Watoto wa Marekani wakamjua. Bidhaa zikauzwa. Richter akaanza kuuliza habari ya malipo yake.

Tarehe 25 Novemba 1985, ukumbi ule ule, alipangiwa kupambana na mwanamke aliyevaa barakoa aliyeitwa Spider Lady. Katikati ya pambano mpinzani akambana, Richter akainua bega, refa akaendelea kuhesabu kama hakuona. Moja, mbili, tatu. Richter alirarua barakoa na kukuta uso wa Moolah. Bosi wa WWF na refa walikuwa wamekubaliana bila yeye. Aliondoka ukumbini akiwa bado na nguo za ulingoni, akapanda teksi hadi uwanja wa ndege, na miaka mingi ikapita kabla hajarudi kwenye kampuni hiyo.

Na Desemba 1995 bingwa mwingine, Alundra Blayze, baada ya kuachishwa kazi, aliingia kwenye kipindi cha kampuni pinzani akiwa na mkanda wa WWF mkononi, akautumbukiza kwenye pipa la taka mbele ya kamera. Kwa takriban miaka mitatu WWF haikuwa na bingwa mwanamke kabisa. Ubingwa ulipofufuliwa Septemba 1998, aliyeuchukua alikuwa Jacqueline Moore, mwanamke mweusi.

Dada watatu, na "Mganda" asiye Mganda

Jacqueline hakuwa wa kwanza kufungua mlango kwa wanawake weusi. Mapema miaka ya 1950, Columbus, Ohio, ndugu watatu waliingia kwenye kazi hii: Babs Wingo, Ethel Johnson na Marva Scott. Ethel alianza akiwa bado kijana mdogo. Walijaza kumbi, wakaandikwa magazetini, wakasafiri kwenye majimbo ambako weupe na weusi walikalishwa pande tofauti kuwatazama watu wale wale. Halafu wakasahaulika. Ethel Johnson alifariki mwaka 2018, na WWE ikamwingiza kwenye ukumbi wake wa heshima mwaka 2021, miaka mitatu baada ya masikio yake kufungwa.

Kuhusu namna Mwafrika alivyotazamwa kwenye mieleka ile, Waganda wana mfano wao. Miaka ya 1980 Marekani ilitishwa na Kamala, "Jitu la Uganda", mwanamume mkubwa asiyevaa viatu, tumbo limechorwa nyota na mwezi, anayeingia na mkuki na barakoa na hajui kusema. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na mhusika huyo alibuniwa Memphis mwaka 1982. Harris alikuwa mtu mpole na mfanyakazi hodari, simlaumu yeye. Lakini kwa watoto wengi wa Marekani, yeye ndiye alikuwa Uganda yote. Anayetaka kuelewa kwa nini mabenchi ya Rubondo yalikuwa kimya jioni ile, aanzie hapo.

Fundi wa cherehani

Pambano tulilokuwa tunatazama lilikuwa la Aprili 2021, mwenye kibanda alilicheza kutoka kwenye flashi na kulitafsiri kwa Kiswahili huku akigonga meza kila mtu akianguka. Sasha Banks alikuwa bingwa. Bianca Belair alikuwa mshindani. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake wawili weusi kupewa pambano la mwisho la usiku wa WrestleMania, na baada ya mwaka mzima wa maonyesho bila watazamaji kwa sababu ya korona, uwanja wa Tampa ulikuwa na watu tena. Kabla hawajagusana, wote wawili walianza kutokwa na machozi. Hiyo haikuwa kwenye hadithi.

Nje ya mlango kulikuwa na mama mmoja mwenye cherehani ya kukanyaga. Alikuwa amegeuza kiti ili aone skrini kwa pembeni. Belair alipoonyeshwa kwa karibu, mguu wake ukasimama.

"Hii nguo ameshona nani?"

Nikamwambia, mwenyewe. Belair ni mzaliwa wa Knoxville, Tennessee, alikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi chuo kikuu, na nguo zake za ulingoni huzishona kwa mkono wake.

Mama akasogea mpaka kizingitini. Kuanzia hapo hakutazama pambano, alitazama mishono. Alitazama kwapani Belair alipomwinua Banks juu ya kichwa, alitazama kiunoni alipopinda, alitazama paja alipochuchumaa. Kila mara kitambaa kilivutika na kurudi.

"Amebakiza nafasi ya kuvutikia," alisema. "Anajua mwili wake. Fundi mwingine angebana, na ingeachia."

Nimesoma uchambuzi mwingi wa pambano lile, na hakuna uliozingatia nyuzi. Watu huzungumzia msuko. Belair ana msuko mmoja mrefu unaopita kiuno, na karibu na mwisho, Banks alipoushika kumvuta, Belair aliuzungusha na kumchapa nao kama kiboko. Mlio ulisikika uwanja mzima, na alama ikabaki kwenye mbavu za Banks. Kibandani wasichana wenye vichwa vya kunyolewa walipiga ukelele kwa pamoja. Mmoja alijishika kisogo, pale ambapo msuko wake ungekuwa. Muda mfupi baadaye Belair akawa bingwa.

Safari ya kufika pale ilikuwa fupi kwa miaka na ndefu kwa kila kitu kingine. Mwaka 2008 WWE ilianzisha mkanda wa waridi wenye umbo la kipepeo, na wanawake walikuwa wakiitwa "Divas", yaani warembo wa jukwaani. Februari 2015 wanawake wanne walipewa pambano lililodumu kama sekunde thelathini tu. Mashabiki wakachoka, wakajaza mtandao kwa siku kadhaa wakidai wanawake wapewe nafasi. Agosti mwaka huo Sasha Banks na Bayley wakapewa muda Brooklyn, na waliokuwepo hawajasahau. Aprili 2016 mkanda wa kipepeo ukazikwa. Oktoba 2019 Natalya na Lacey Evans walipambana Riyadh, pambano la kwanza la mieleka ya wanawake Saudi Arabia, wakiwa wamefunika mwili kuanzia shingoni hadi miguuni. Nilipolisimulia hilo kwa kina dada wa Kisomali pale Base Camp, walitaka kujua jambo moja tu: je, ndani ya nguo zile ziliwezekana zile mbinu za kuruka? Ziliwezekana.

Tope la Mukono

Msomaji wa Mbarara anaweza kusema yote haya ni ya kwao. Basi apande basi hadi Kampala, kisha asogee mashariki kidogo hadi Mukono. Huko Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, alianzisha Soft Ground Wrestling mwaka 2023. Ulingo wake una nguzo za mianzi, na mahali pa mbao na sponji pana udongo uliolowa. Vijana waliokosa ada, waliokosa kazi, wengine waliokosa hata wazazi, wanarushana kwenye tope lile, na video zao zimetazamwa na watu wasiojua Mukono iko wapi. Wasichana wanafanya mazoezi pamoja na wavulana. Mmoja wao, Zampi kwa jina la ulingoni, ameonekana kwenye habari za kimataifa akifanya hivyo.

Tope lina maana yake kiufundi. Linafanya kazi ya godoro, linapunguza pigo, na halihitaji fundi wa vyuma. Lakini linateleza, na anayeteleza huku amembeba mwenzake hewani anaweza kuua. Kwa hiyo wanaanza na kile kile wanachoanza nacho Marekani na Japani: kuanguka, mara mia, kabla ya kumgusa mtu.

Ninachowatakia wasichana wa Mukono hakihusu mkanda. Ninawatakia mkataba ulioandikwa, kwa lugha wanayoisoma, unaosema nani anamiliki jina lao, nani anapokea pesa za video, na nani anawalipia hospitali. Burke hakuwa nao wa kumlinda. Richter aliuliza habari za wake, akalipia swali kwa kazi yake.

Nyuma ya kibanda

Jenereta ilizimwa giza lilipoanza kuingia. Nilipotoka nilimkuta yule binti na rafiki yake nyuma ya kibanda, kwenye udongo laini uliofukuliwa kwa ajili ya tofali. Mkubwa wake alikuwa anawaonyesha kitu: kidevu chini, mikono iachie, pumua nje. Binti akajitupa kinyumenyume. Akainuka, akakung'uta sare, akajitupa tena. Mara ya tatu mikono yake ilipiga chini pamoja na mgongo, na mlio wake ulikuwa mmoja badala ya miwili. Akabaki amelala pale akitazama juu, anacheka.

Kisha wakaanza pambano. Refa wao alikuwa mtoto wa miaka sita hivi aliyevaa fulana inayomfika magotini. Rafiki alimbana binti mabega. Refa akapiga chini, moja. Akapiga, mbili. Mkono wa tatu ukabaki hewani.

"Tulisema nani anashinda?" akauliza.

Wale wawili wakatazamana. Walikuwa wamesahau kukubaliana. Binti aliyelala chini akaomba wasimame kwanza, wakakaa kitako kwenye udongo, wote watatu, wakaanza kulizungumza.